Kadi Zilizonuswa

Kwenye basi, fundi cherehani alikuwa amepakata boksi la kadi za harusi ya bintiye, roho juu, akiwaza wakwe watazipokeaje. Msusi aliyekaa naye akachungulia, akagusa moja. "Mbona zina vidoadoa, dada?"

"Zimetengenezwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Binti ndivyo alivyotaka."

"Zilitumika wapi?" Msusi aliondoa kidole taratibu. "Usije ukawapelekea wakwe mambo ya chooni."

"Ni za maofisini, na zinachemshwa," fundi alijibu, ingawa kiwanda kilichozitengeneza alikuwa hajawahi kukiona hata kwa mbali.

"Hata zichemshwe, mitumba ni mitumba."

Fundi akalikagua gauni la mwenzake kwa jicho la kazi. "Na hilo, shoga yangu, kabla yako lilivaliwa na nani?"

"Hili nimelifua kwa mikono yangu. Hizo kadi nani kazifua?"

Abiria wa nyuma wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, ingawa alijua mama mkwe wa binti angeuliza vivyo hivyo.

Basi likasimama. Msusi akainuka, akasitasita. "Kwani harusi yenyewe lini?"

Fundi akampa kadi moja. Msusi akainusa kwanza, akaitia mkobani, akashuka.