Nyasi za Kumrudisha Severina

Kwenye Noah ya kutoka Masasi kwenda Mnyambe, mbele yangu jamaa mmoja alikuwa kapakata mganda wa nyasi kama mtoto mchanga. Hata salamu hakutoa, akamuanza mama mtu mzima aliyekaa pembeni yake, mwenye bati tatu zimefungwa juu ya gari.

"Nilienda semina ya ujenzi wa kutunza mazingira. Nikang'oa bati zote, nikaezeka nyasi. Nyumba ina baridi kama mtungi! Mke wangu Severina kanuna, karudi kwao. Namfuata nimwonyeshe, nyasi zenyewe ni hizi, daraja la kwanza."

"Na huo mtungi una maji?"

Jamaa akaukumbatia mganda wake. Huku kwetu juu mlimani hakuna mto, maji ya kunywa tunakinga ya mvua kwenye bati. Hilo hata mbuzi anajua, ila semina haikualika mbuzi.

Mvua ikaanza, bati zikapiga kelele juu yetu.

"Unasikia? Kelele hizo ndo nilizokimbia!"

"Hizo siyo kelele, mwanangu. Hizo ni ndoo zinajaa."

Gari ikasimama Mnyambe. Jamaa akachungulia mvua, akauangalia mganda wake, akamgeukia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Niazime bati moja niingie nayo ukweni."