Mkono wa Gitaa

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lenye mguu uliolegea. Upande huu kibanda cha fundi saa, upande ule saluni ya kinyozi, katikati jiko la Shangazi na birika lake la kahawa, na nyuma yao nguzo ya umeme wanayoiegemea kwa zamu. Fundi saa ndiye waliyembandika jina la Gitaa, kwa sababu mkono wake wa kulia hauchoki kuucharaza wa kushoto, kuanzia kifundoni hadi karibu na kiwiko, krau krau krau, kutwa nzima. Anajikuna skrubu zikimponyoka, anajikuna mteja akimtumbulia macho. Na kuwashwa kwenyewe kuna vituko: kunaondoka, wenzake wanamshangilia, mara kunarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Siku hiyo ndiyo haikufaa kabisa kurudi. Saa kumi wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kwake kutoa jibu kuhusu binti yake.

— Leo usijikune, — Shangazi akamwonya huku akimmiminia kahawa.

— Sijikuni.

— Na huo mkono unafanya nini hapo?

— Naupapasa tu.

— Aisee, unaupapasa mpaka unatoa unga!

Kinyozi akacheka mpaka kahawa ikampalia. Gitaa hakucheka. Safari ya kwanza walipokuja wale wageni, alijikuna mbele yao mpaka baba wa kijana akasogeza kiti chake, polepole, kama mtu asiyetaka aonekane, halafu akasogeza na sahani. Baadaye binti alijifungia chumbani akalia. Hilo ndilo lililomkaa Gitaa rohoni; kuwashwa alishakuzoea.

— Mke wangu kasema nikijikuna leo ananifungia stoo, atawaambia wageni nimesafiri.

— Stoo kuna joto, utawashwa zaidi, — akasema Kona, dereva mstaafu wa lori, ambaye hajawahi kufika kwenye maana ya jambo bila kupita kona kadhaa. — Sikiliza, ndugu yangu. Mimi zamani nilibeba shehena ya pilipili. Usiku nikalala juu ya magunia. Asubuhi nimevimba, utingo wangu akaniamkia, akadhani ni mtu mwingine!

— Sasa Gitaa kalala na pilipili?

— Sijasema hivyo. Nasema ngozi ina kumbukumbu. Pengine aliwahi kupita karibu na lori langu.

— Acha masihara, Kona! — Kinyozi akasimama, taulo begani. Akisimama tu, ujue hotuba inakuja. — Mimi nashika vichwa vya watu tangu asubuhi hadi jioni, ngozi naijua. Huo ni mzio. Na mzio una chanzo. Mkeo kabadilisha sabuni?

— Tulibadilisha. Nikaendelea kuwashwa. Tukairudisha ya zamani. Nikawashwa na hiyo.

— Samaki?

— Nimeacha. Mayai nimeacha. Karanga nimeacha. Nimebaki na ugali na huzuni.

— Kliniki je? — akauliza Shangazi.

— Nilikwenda. Wakanipa dawa ya kupaka, ikatulia. Niliporudi kazini, wiki haijaisha, kuwashwa kumerudi! Daktari kaniuliza maswali chungu nzima, kanigeuza mkono huku na huku, kasema haoni kinachonigusa.

Kinyozi akampiga jicho la upelelezi.

— Na kuwashwa kulipozidi kabisa, si ndipo binti alipopata mchumba?

— Ndipo.

— Basi kwisha habari! Una mzio wa wakwe.

— Wee!

— Nakwambia! Ngozi yako imekataa undugu kabla hata wewe hujaulizwa.

Shangazi akashika mbavu. Lakini Kona alikuwa anaitazama nguzo, kichwa kaegemeza nyuma, na jicho moja kalifumba.

— Umeme, — akasema.

— Umeme umefanyaje?

— Unavuja. Anayekaa chini ya nguzo ni nani? Yeye. Anayeshika vyuma vidogo vidogo ni nani? Yeye. Umeme unashuka, unamtafuta, unamtekenya. Tuihamishe nguzo.

— Tuihamishie wapi?

— Pale kwa muuza magodoro. Yeye anakaa kwenye sponji, haitamdhuru.

Wakaanza kubishana nani atashika upande gani wa nguzo. Gitaa akatazama mkononi, akaona saa nane imekwishapita. Akawaza afunge mkono kwa bendeji aseme ameanguka. Akawaza aketi juu yake. Kweli alikuwa amefika mahali pa kumwonea wivu mtu mwenye malaria, maana mwenye malaria hupewa pole, wala hakuna anayesogeza kiti kumkwepa.

Ndipo akatokea mama mmoja mwenye kapu, hakuwahi kukaa kwenye benchi lile hata siku moja.

— Hamjambo? Fundi, saa yangu imepona?

— Hatujambo, mama. Hii hapa, naijaribu. — Gitaa akakunja mkono wa shati. Saa tano zilikuwa zimepangana kwenye mkono wa kushoto, toka kifundoni kwenda juu, zote za chuma, zote za watu. — Yako ni hii ya katikati. Saa haitoki kwangu mpaka nimeivaa kutwa nzima. Marehemu baba alinifunza hivyo.

Akamaliza kusema, akaingiza kidole kati ya saa mbili, akajikuna. Mama akautazama ule mkono, kisha ule mwingine.

— Samahani, baba. Mbona wa kulia hauwashi?

Kona akaiachia nguzo. Shangazi akabaki ameinua birika, na kahawa ikimwagika nje ya kikombe.

— Lakini nimevaa hivi miaka yote, — akasema Gitaa, sauti imemshuka.

— Hata mimi hereni nilivaa miaka mingi, siku moja masikio yakagoma. Ilikuwa chuma chake. Daktari hakuziona saa hizi?

— Nilizivua. Ningeingiaje kwa daktari na mali za watu?

— Loo! — Kinyozi akajipiga paji la uso. — Kaficha mshitakiwa, halafu kaenda mahakamani!

Gitaa akazivua moja baada ya nyingine. Chini ya kila moja kulikuwa na duara jekundu lenye vipele, maduara yamejipanga kwa mstari. Shangazi akamnawisha maji safi, akampaka dawa yake ya kliniki, akamwamuru akirudi tena kule aende na saa zote tano.

— Na nani atazijaribu leo? — Gitaa akauliza. Alikuwa karibu kulia, kwa furaha au kwa kuliacha fundisho la baba yake, hata mwenyewe hakujua.

— Sisi tuko wapi? Lete hapa!

Kinyozi akavaa mbili, Kona mbili, Shangazi akachukua ile ya yule mama. Wakawa wanainua mikono juani kama maharusi.

— Haya, mimi niende, — akasema yule mama. — Sasa hivi saa ngapi?

— Tisa na nusu, — akasema Kona.

— Ya wapi! Tisa kasorobo, — akasema Kinyozi, kisha akatazama ya pili. — Au kumi na robo.

— Yangu imesimama, — akasema Shangazi.

Gitaa, kwa mazoea, akatazama mkono wake. Akaona ngozi tupu. Hapo hapo simu ikaita.

— Baba, uko wapi? Wageni wameshakaa!

— Nipo njiani, mwanangu, — akasema, na ndipo akaanza kukimbia.

Sauti ya binti ikashuka, ikawa ya kunong'ona.

— Baba... unajikuna?

Mkono wa kushoto ulikuwa ukiwasha bado. Wa kulia ulikuwa umeshika simu. Nyuma yake kijiwe kizima kilikuwa kinabishana saa ngapi.

— Sijikuni, — akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuwa anadanganya.