Kichujio cha Wavinya Kilitaka Jua

Wasikilizaji wapendwa, kuna maneno yaliyozunguka mtaa wetu wa Umoja mwaka huu wa tisini na nane, na mimi hayanitoki masikioni. Eti kichujio cha Wavinya kinatia watoto taifodi.

Leo tunamkumbuka Wavinya Munyoki. Alifanya kazi maabara ya chuo. Alifariki mwezi wa Agosti, kwa presha, akiwa na miaka thelathini na minne.

Wavinya alitengeneza kitambaa cha kuchujia maji. Uzi wake ni mwembamba kuliko wa buibui, umevutwa kwa umeme kutoka kwenye gundi, na ndani umetiwa unga mweupe. Uzi unanasa viini vya magonjwa. Jua likiupiga ule unga, unaviua. Narudia: bila jua, unga haufanyi kazi.

Alizipa nyumba kumi vichujio zijaribu. Yangu ilikuwa mojawapo. Mimi Annah, mtangazaji wenu, nilikiweka changu juu ya kabati la sebuleni, nikakifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama redio. Kilikuwa kizuri, na wageni walikuwa wanakuja.

Siku moja Wavinya alipita, akakifunua. "Mama Nangila, hiki ni kichujio ama ni bibi harusi?"

"Nje wataiba."

"Basi kaa nacho nje ukichagua mchele. Saa mbili tu za jua, kila siku."

Nikacheka, nikaitikia. Alipotoka nikakifunika tena.

Wiki mbili baadaye binti yangu Nangila akalazwa, taifodi. Jirani yangu Awiti akaniuliza, "Kwani alikunywa maji gani?" Nikasema, "Maji ya Wavinya." Sikusema nilikifunika. Kufika Jumapili, zile nyumba tisa nyingine zilikuwa zimemrudishia vichujio, na jaribio likafungwa.

Nangila alipona. Wavinya hakuwahi kusikia ukweli kutoka kwangu. Nilimwambia mama yake, Mama Ndinda, siku ya matanga. "Alikuwa akiniuliza tu kama mtoto wako amepona," akasema. "Sasa usinililie hapa. Kaseme kule redioni, kwa watu."

Ndiyo nasema. Mama Ndinda na jamaa wote, poleni sana. Wenzake Wavinya wanatafuta nyumba kumi waanze upya. Ukipewa kichujio:

Usikifunike.
Usikiweke ndani siku nzima.
Usikikung'ute kikiwa kikavu. Ule unga si wa kuvuta puani.
Usiache kuchemsha maji ya mtoto.
Na mtoto akiugua, usitaje jina la mtu kabla hujasema wewe mwenyewe ulifanya nini.