Paa la Abu Turki, Watoto Wetu na Kondoo Anayetaka Kuimbiwa

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Wakenya wa mtaa huu, Bwana Danson, karibu Al-Murabba. Keti karibu na feni, soda inakuja. Mungu akubariki kwa kuacha usingizi wa Ijumaa kwa ajili yetu.

CHANZO CHA DARASA

Darasa hili lilizaliwa mwaka 2016 na aibu ya mwenzetu, Mama Wesley. Bibi alipiga simu kutoka kwetu Ikolomani akamuuliza mjukuu, "Wewe ni wa ukoo gani?" Wesley akajibu, "Al-Murabba, ghorofa ya tatu."

Mama mtu akaacha chakula mezani. Akatukusanya: "Jamani, tunalea wageni! Mtoto asiyejua kwao atajulikana na nani?" Ndipo tukamwomba Dalmas, dereva, awafundishe watoto, kila Ijumaa juu ya paa, mchezo wa kwetu wa fahali kupigana, na nyimbo zake, na majina ya koo.

MAFANIKIO

Sasa watoto wanataja ukoo hadi babu wa babu. Isukuti, ngoma ya kwetu, wanaipiga kwa ndoo za rangi. Fahali hapa hakuna, basi wakamwimbia kondoo dume wa Abu Turki, mwenye nyumba, anayefugwa paani. Wakamwita Mtikisa. Kwetu fahali husifiwa mpaka ajione.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, amejiona.

Hasogei bila kuimbiwa. Abu Turki akimletea majani kimya kimya, anapigwa pembe makalioni. Mama Wesley akamfokea Dalmas, "Mwalimu, si ulisema ni utamaduni tu?"

"Mama, hata Mtikisa ameuelewa."

Abu Turki amesema halas, mafi darasa, yaani basi, hakuna darasa tena, Ijumaa ijayo paa linafungwa. Mama Wesley amekonda. Anaonya, nasi tunaonya naye: paa likifungwa, watoto watarudi kwenye simu, na siku wakifika nyumbani watatafutiwa mkalimani wa kuongea na nyanya zao.

MAOMBI

Tuombee hilo paa kwa Abu Turki. Kiarabu unacho. Na wakati ni mzuri, maana Abu Turki yuko huko juu saa hii, amesimama juu ya tangi la maji, Mtikisa anamngoja chini. Watoto wakiimba, Mtikisa atasogea, naye mzee atashuka salama. Hatusemi hawataimba mpaka akubali. Sisi ni wacha Mungu. Tunasema tu kwamba wamepewa maandazi, midomo imejaa, na maandazi bado ni mengi.

Mola akupe ulimi mtamu na miguu myepesi ya ngazi.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Ijumaa, Al-Murabba, Riyadh.