Shukrani Alizotoa Mama Kabla ya Majibu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Wengi husimama hapa wakiwa wameshinda. Mimi nimesimama nikiwa nimeshindwa, naomba mnivumilie.

Ndugu zangu, mnanijua, ni binti wa yule mama muuza viazi hapa Uyole. Nilikuwa nasoma famasia chuoni Iringa. Kemia ilinishinda mara ya kwanza, nikapewa nafasi ya kurudia mtihani. Ukishindwa na huo, chuo ndiyo basi.

Siku ya mtihani wa vitendo niliingia maabara nimefunga na kuomba. Kazi yenyewe ni kudondosha asidi kwenye chupa mpaka rangi ibadilike. Unarudia mara kadhaa, kisha unatafuta wastani. Nilimaliza, nikakusanya karatasi. Nikawa nasuuza vyombo, moyo mweupe kabisa, ndipo nikakumbuka kwamba kipimo cha kwanza ni cha kujaribia tu, hakiingizwi kwenye wastani. Mimi nilikiingiza. Na hesabu zote zilizofuata nilizijenga juu ya wastani ule.

Ndugu zangu, niliviacha vyombo pale pale. Karatasi yangu naiona pale mezani, juu kabisa. Nikamwendea mwalimu, nikamsihi nirekebishe namba moja tu.

"Ukishakusanya umekusanya, binti yangu," akasema, tena kwa upole. Afadhali angenifokea.

Jioni mama akapiga simu. Nikamwambia mtihani umeenda vizuri. Safari ya kurudi nyumbani sikumeza kitu. Basi liliposimama Igawa abiria wananunua mahindi ya kuchoma, mimi nawaza nitamtazamaje mama usoni. Jumapili akasimama hapa hapa, amevaa kitenge chake kipya, akamshukuru Mungu kwa mtihani niliofaulu. Mkapiga vigelegele. Mimi nimekaa benchi la nyuma, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya hapo hata kuomba kulinishinda. Nitamwambia nini Mungu, nami namdanganya mama? Siku moja tunachambua viazi, tunatoa vilivyooza, nikashindwa kujizuia. Nikamweleza yote. Mama akaendelea kuchambua. Mwishowe akasema, "Sasa mwanangu, mzigo wote huo ulikuwa unaubeba peke yako kwa nini?" Akalia, nami nikalia. Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua.

Majibu yametoka. Nimeshindwa, na chuo kimeniondoa. Inauma, sitawaficha. Nikimwona mtu na koti jeupe nageuza uso. Ila ile hofu iliyokuwa inaninyonga haipo tena. Kama upo hapa na umemficha mzazi wako jambo, mwambie leo. Mtegemee Mungu hata majibu yakiwa mabaya.

Jana nilimuuliza mama kama ataona aibu nikisimama mbele yenu. Akachukua kile kitenge chake kipya, akakipiga pasi. Na leo mmeona wenyewe, nilipoinuka naye aliinuka, na ndiye huyu amenishika mkono. Mungu wangu, asante kwa huyu mama. Amina.