Nokauti za Maduhu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa viongozi wa dini, Baba na Mama Maduhu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi vijana wa Kahama mliojaa hadi madirishani: mwadila! Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa, kama mwamuzi niliyechezesha mapambano yote ya kijana wetu, nimsifu bingwa kabla hajapanda basi kwenda Dar es Salaam kugombea mkanda wa taifa. Nitamsifu. Lakini mnaonijua mnajua kuwa Rhoda, Mama Nelly wenu, hasifu ng'ombe kwa pembe.

Katika mchezo huu wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, Maduhu amemaliza kila pambano raundi ya kwanza, mengine kabla hamjapata pa kukaa. Ninyi mlishangilia. Mimi niliyesimama karibu nilijiuliza: huyu anaangusha watu, au anatafutiwa wa kuanguka? Nani alimwona amechoka? Nani alimwona chini, mtu amemkalia kifuani?

Baada ya nokauti ya mwisho nilikwenda Bugarama kumtafuta aliyepigwa, Donatus, mchimbaji mdogo. Nikamwuliza, "Mwanangu, ulianguka kweli?"

"Nilianguka, Mama Nelly. Lakini asubuhi ndiyo nilikuwa natoka duarani, nimekesha chini nachimba. Mchana naambiwa mpinzani wa Maduhu haji, nizibe pengo. Siku ile hata upepo ungeniangusha."

Nikarudi, nikayasema hayo kwa kocha Davis, Maduhu akiwapo. Davis akawaka: "Mama, unataka kumharibia kijana jina? Ngumi ni ngumi!"

Maduhu alikuwa anafungua bandeji za mikono. Akasema taratibu, "Kocha, mwite Donatus. Ale, alale, apumzike. Nataka nipigane naye tena."

Wakakutana Geita, kwenye ukumbi wa mazoezi pale Kalangalala, bila watazamaji. Ngumi ileile ilimpata Donatus. Akayumba, akabaki wima. Niliuona uso wa Maduhu: hakujua afanye nini baada ya hapo. Raundi ya pili alibebwa akabwagwa, akakabwa shingo hadi macho yakamtoka. Akajinasua. Ya tatu alipigana akihema, miguu mizito, lakini alipigana. Kengele ilipolia wote walikuwa wamesimama. Nikauinua mkono wa Donatus.

Davis aliondoka bila kuniaga. Maduhu alinifuata, pua inavuja damu, akasema, "Mama Nelly, leo ndiyo nimepigana."

Je, atashinda Dar? Sijui, na anayejua atueleze amejuaje. Nokauti zile zilituonyesha mkono mzito, basi. Moyo wake niliuona siku aliyoshindwa. Tangu hapo amefanya mazoezi na Donatus, na kesho wanasafiri pamoja. Kwa hilo nampa sifa zangu zote, wala sibakizi.

Ndugu waandaaji, bango hili nyuma yangu linasema "Hajawahi Kushindwa". Najua mtanikasirikia. Lakini jana bingwa mwenyewe alikuja nyumbani kwangu, akaniambia, "Mama, waambie wewe. Nikiwaambia mimi, watasema najishusha tu."

Basi nimewaambia. Mlio karibu na kamba, literemsheni bango hilo, kisha tumwombee kijana wetu. Kwa subira yenu na kwa masikio mliyonipa, asanteni sana.