Safi Kulia, Fifi Kushoto: Maisha ya Athanasi Ngassa wa Nkololo, 1937–2004

Marehemu Athanasi Ngassa hakuwahi kula karanga bila kuzichambua. Alizimwaga mkekani, safi kulia, fifi kushoto, ndipo akaribishe wageni. Wajukuu walipomcheka, aliwajibu kwamba mdomo wake si gunia.

Alizaliwa Migato tarehe 12 Juni 1937, mtoto wa tatu wa Mzee Ngassa na Mama Milembe. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1954, na kila likizo alichunga ng'ombe wa baba yake. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha ushirika Dutwa, kazi yake kupanga madaraja ya pamba: safi, iliyo nyeupe, na fifi, iliyochafuka. Hakuna mkulima aliyempitishia pamba fifi ndani ya pamba safi, hata baba wa mchumba wake. Mzee huyo alirudishiwa magunia yake mbele ya watu, lakini tarehe 20 Agosti 1960 alimwoza binti yake Mektilda kwa mtu huyo huyo, akisema, "Huyu akikuchagua, ujue umepita." Walijaliwa watoto watano.

Soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walifika Dutwa na mizani zao. Msimu wa 1995 karani wa mmoja wao alimwambia, "Mzee, changanya tu, sisi tunataka uzito." Athanasi alirudi nyumbani Nkololo akamwambia mkewe, "Leo nimeona safi na fifi zikilala gunia moja. Kazi yangu imekwisha." Milembe, binti yake wa kwanza, hakuwahi kumwona baba yake amevunjika moyo kama msimu ule.

Kilichomwinua ni kumbukumbu ya Hombolo, Dodoma, alikokwenda mafunzoni mwaka 1974. Mwenyeji wake, mkulima Marcelo, alimfundisha kupasua punje ya zabibu na kutazama mbegu: ya kijani, subiri, ya kahawia, vuna. Januari 1996 alirudi huko, akaleta vipando katika gunia lililoloweshwa, akapanda nusu ekari kando ya kisima. Agosti, kiangazi kilipokolea, mizabibu ile michanga ilipukutisha majani. Siku moja Athanasi akiwa Bariadi, shemeji yake Maganga alikuja kumsaidia kung'oa na kuchoma masalia ya pamba, kama ilivyo desturi yetu baada ya mavuno. Aliviona vile vijiti vikavu, akaving'oa vyote na kuvichoma pamoja na masalia.

"Shemeji, nimekusafishia mpaka kisimani," alimwambia Athanasi aliporudi, akiegemea jembe.

Athanasi aliyatazama majivu. "Umesafisha kweli, shemeji. Sasa oga. Tunakwenda wote Dodoma, ukaone ulichokichoma."

Walikwenda, wakarudi na vipando vipya, na tangu hapo hakuna aliyemzidi Maganga kwa kupogoa. Kila Mei, mvua zikikatika, walipogoa. Julai walinyeshea kwa ndoo. Agosti walishinda wakifukuza ndege. Septemba walivuna, na vichala vikapangwa kama pamba ya zamani. Divai ya 1999 ilichachuka. Athanasi aliimwaga yote, majirani wakisikitika kuliko yeye. Iliyofuata alimwonjesha Padre Januarius.

"Athanasi, hii umeinunua wapi?"

"Kwa Mektilda, Padre. Mapipa ni yake."

Kwa ruhusa ya askofu, Desemba 2000 Misa ya Jubilei parokiani iliadhimishwa kwa divai ya Nkololo, kutoka udongo ambao watu walisema unajua pamba na mtama tu. Kikombe kilipoinuliwa, Milembe, aliyepiga magoti nyuma ya baba yake, aliyaona mabega yake yakitikisika.

Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na moyo. Alitibiwa Bariadi na Mwanza, na Agosti akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 16 Septemba 2004.

Ameacha mjane, Mektilda. Watoto watano, Milembe, Novatus, Anna, Method na Generoza. Wajukuu kumi na wanne. Na shemeji yake Maganga. Mungu ampumzishe kwa amani, maana kazi aliifanya vizuri.

Wengi mmeuliza kwa nini zabibu bado zinaning'inia shambani. Jumatano jioni ndugu walitaka zivunwe upesi, ili aone pipa likijaa kabla hajaondoka. Milembe alimpelekea kichala kitandani. Alipasua punje moja, akaitazama mbegu kwa muda, kisha akaiweka kushoto.

"Bado, ng'wana wane, mwanangu. Msizivune mbichi kwa sababu ya msiba wangu."